Wincenty Lutosławski na Mfuatano wa Midahalo ya Plato: Mtindo kama Ushahidi wa Wakati

Plato aliacha midahalo mingi isiyo na tarehe. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kujua iwapo fikra zake zilibadilika hukabiliwa na swali la msingi: upi ulitangulia na upi ulifuata? Makala hii inafafanua jibu la Wincenty Lutosławski (1863–1954), mwanafalsafa wa Kipolandi aliyezaliwa Warsaw wakati nchi yake ikiwa imegawanywa na madola jirani. Jibu hilo limo katika kitabu alichokichapisha kwa Kiingereza mwaka 1897.

Lutosławski alikuwa na watangulizi. Mwaka 1867 Lewis Campbell wa Uskochi alichunguza msamiati na mpangilio wa maneno. Mwaka 1881 Mjerumani Wilhelm Dittenberger alihesabu maneno madogo, yakiwemo ya kuitikia, ambayo mwandishi huyatumia pasipo kukusudia. Lutosławski alikusanya matokeo ya watafiti hao na wengine katika orodha ya sifa 500, akauita upimaji huo stailometria. Nguzo yake ilikuwa Sheria, ambayo Aristotle anashuhudia kuwa iliandikwa baada ya Jamhuri. Kadiri mdahalo ulivyoshiriki sifa nyingi na Sheria, ndivyo ulivyohesabiwa kuwa wa uzeeni.

Mbinu hii ina udhaifu. Kila sifa ilipewa uzito wa alama 1 hadi 4, na kigezo cha uzito huo kilikuwa uamuzi wake mwenyewe. Aidha, mtindo huweza kubadilika kwa sababu ya mada, si umri tu. Hata hivyo, kundi la mwisho, yaani Sophistes, Politicus, Philebus, Timaeus, Critias na Sheria, lingali linakubaliwa na wataalamu wengi. Mwaka 1953 G. E. L. Owen alipotaka kuirudisha Timaeus nyuma kwa hoja za kifalsafa, ushahidi wa mtindo ulikuwa miongoni mwa vikwazo alivyolazimika kuvijibu.

Kwa mtafiti wa ushairi wa Kiswahili, funzo liko katika ile nguzo. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zilipita katika vinywa vya waimbaji na mikono ya wanakili kabla ya kutufikia. Kuhesabu maneno yake bila ya kuwa na utungo wa kulinganishia wenye tarehe ya uhakika kunaweza kutuonesha tofauti za mtindo, lakini hakuwezi, peke yake, kuthibitisha wakati wa utunzi.