Mtoto na intaneti: funga mlango wa kutoka

Mzazi ukifunga tovuti moja, mtoto anapita nyingine. Tena njia za kupitia hazikosekani: Psiphon, programu ya kuruka vizuizi vya mtandao, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, katika maabara ya Citizen Lab, ikatolewa mwaka 2006. Ilikusudiwa watu waliofungiwa habari na serikali, lakini kijana wako naye ataishusha tu.

Kama kompyuta ya nyumbani ni ya Linux, geuza mambo. Iptables, yaani faiwoli yake, inaweza kuzuia kila kinachotoka kwenye akaunti ya mtoto, kisha ukaruhusu anwani chache tu, kama ya shule. Yako haiguswi. Nenosiri la msimamizi libaki kwako.

Ila simu yenye bando haipiti humo. Hapo, kaeni mzungumze.