Parkinson: anayemuuguza mgonjwa naye apumzike

Ugonjwa wa Parkinson, unaokakamaza mwili na mara nyingi kutetemesha mikono, hauponi. Familia humuuguza mgonjwa nyumbani kwa miaka mingi. Buhongwa, kama kwingineko Mwanza, kazi hiyo mara nyingi humwelemea mtu mmoja: mke, binti au mkwe. Humwinua mgonjwa usiku, humwogesha na kumlisha polepole asipaliwe.

Wengi husita kumwachia mwingine kwa sababu ya dawa. Nguvu ya levodopa hudumu saa chache. Ikichelewa, mgonjwa anaweza kushindwa hata kujigeuza kitandani. Ni vema aimeze kama nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa protini ya samaki au maharage huweza kuipunguza nguvu. Asinyimwe mboga hizo. Saa tu zipishane.

Tunashauri hivi: andikeni saa za dawa na namna ya kumwinua, mbandike ukutani. Ndugu au jirani mnayemwamini ashinde naye siku moja akijifunza, kisha ashike zamu kila wiki. Dozi isibadilishwe bila daktari. Anayeuguza akiugua kwa uchovu, nyumba inabaki na wagonjwa wawili.