Fidia si Usafi: Nani Atalilipa Deni la Udongo?

Wahenga wetu walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Usemi huo unaliafiki barabara jambo ambalo ningependa tulitafakari leo, ndugu msomaji. Kila mara kiwanda kinapowadhuru majirani zake, sisi huuliza swali moja tu: waathiriwa watalipwa pesa ngapi? Hilo ni swali la haki, wala sina nia ya kulidharau. Hata hivyo, lipo swali la pili ambalo aghalabu husahaulika hadi gazeti lenye habari hiyo limeishia kufungia mandazi: je, udongo wenyewe utasafishwa na nani, lini na kwa njia gani? Rai yangu ni kwamba fidia na usafi ni madeni mawili mbalimbali, na kwamba kulilipa la kwanza hakulifuti la pili.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi mnamo mwaka 2007. Shabaha yake ilikuwa kupata madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri hizo. Moshi na vumbi viliangukia mapaa na nyua, na maji machafu yakapita baina ya nyumba za wakazi wapatao 3,000. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kiwandani humo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi katika damu. Alianzisha harakati zilizomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo hiyo ya fidia.

Wengi wetu tunazikumbuka hizo bilioni 1.3. Wachache walizingatia sehemu nyingine ya hukumu ya mwaka 2020, ambapo mahakama iliamuru udongo na maji ya kijiji yasafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuigharimia kazi hiyo. Naiona sehemu hiyo kuwa ya hekima kubwa, kwa sababu iliitenga haki ya binadamu na haki ya ardhi anayoikanyaga. Lakini hebu tuitazame kalenda. Tangu kiwanda kifungwe hadi Mahakama ya Juu itoe kauli yake, ilipita miaka 10. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2014 alikuwa tayari kijana wa shule ya upili. Kesi huweza kuahirishwa. Risasi haiahirishi kazi yake.

Kwa nini nasema hivyo? Risasi ni elementi, na wanafunzi wa kemia wanaielewa maana ya neno hilo. Haiozi kama jani wala haichukuliwi na mvua kama chumvi. Hushikamana na chembe za udongo wa juu, pale pale watoto wanapochezea, kisha huingia mwilini kwa vidole vinavyotiwa kinywani na kwa vumbi linaloingia ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii huuharibu ubongo unaokua, na mtoto ambaye chakula chake kina upungufu wa madini ya chuma huinyonya zaidi. Mwalimu anaweza kumwona mwanafunzi asiyetulia, asiyekumbuka somo la jana, akamwita mtundu au mvivu, kumbe kosa liko katika ua wa nyumbani kwao na wala si katika tabia yake.

Sasa tumpe mzazi wa mtoto huyo fidia. Atamnunulia dawa na chakula bora, pengine atahama. Lakini nyumba aliyoiacha haitabaki tupu. Atakuja mpangaji mwingine aliye maskini zaidi, mwenye mtoto mdogo zaidi, asiyejua lolote kuhusu betri wala kesi. Udongo hauna habari kwamba hukumu imetolewa.

Somo hili lilijitokeza kwa uchungu mkubwa katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Wanavijiji walikuwa wakisaga mawe yenye dhahabu majumbani mwao kwa mashine za kusagia nafaka, bila kujua kwamba mawe hayo yalikuwa na risasi tele. Zaidi ya watoto 400 walifariki dunia. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walikuwa na dawa ya kuitoa risasi katika damu, lakini walishikilia kwamba ua wa nyumba ya mtoto usafishwe kwanza. Kumtibu mtoto kisha kumrudisha katika vumbi lile lile kungekuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha. Basi wanavijiji wakashika majembe na sepetu, wakaukwangua udongo wa juu, wakautia katika magunia na kuuzika katika mashimo maalumu, kisha wakatandaza udongo safi. Kijiji kikubwa cha Bagega kilisafishwa mwaka 2013. Hapo ndipo matibabu ya watoto wake yalipopata maana.

Hayo ni ya udongo wa juu. Sumu ikishuka hadi kwenye maji yaliyo chini ya ardhi, shida huwa kubwa maradufu kwa kuwa haionekani kwa macho. Mwaka 2015, mafuta yalivuja kutoka katika bomba la Mombasa hadi Nairobi na kuingia katika mto Thange, kaunti ya Makueni. Visima ambavyo watu walivitegemea vikachafuka. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu ya maji ya ardhini. Zipo kemikali nyingine, kama vile trikloroethilini inayotumiwa kuondolea grisi kwenye vyuma, ambazo ni nzito kuliko maji. Hizo huzama hadi zikutane na mwamba usiopenyeka, zikatulia humo na kuyatia sumu maji yapitayo, polepole, kwa miongo mingi. Katika pwani yetu, ambako chini yetu kuna mawe ya matumbawe yenye matundu na nyufa, uchafu husafiri kwa wepesi hadi visimani.

Je, sayansi haina dawa? Inazo dawa kadhaa, na ni vyema tuzifahamu ili tusidanganywe na yeyote atakayekuja kutuahidi miujiza.

Dawa ya kwanza ni kuufukua udongo na kuuhamisha. Ni njia ya haraka, lakini sumu haiangamii, inahama tu. Udongo huo ukitupwa katika timbo lililoachwa wazi, msiba umeondolewa kwa jirani mmoja na kupelekwa kwa mwingine. Ya pili ni kuifungia sumu mahali ilipo, kwa kuifunika kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi au kwa kuchanganya fosfeti ambayo huigeuza risasi kuwa madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Hatari hupungua, ila mahali hapo patahitaji mlinzi daima. Ya tatu ni kuyavuta maji kwa pampu, kuyachuja kwa makaa maalumu na kuyarudisha. Mwanzoni sumu hupungua upesi na watu hushangilia. Kisha hukwama, kwa sababu iliyojificha katika vitundu vidogo vya mwamba huendelea kutoka tone kwa tone. Mitambo ya aina hiyo huweza kufanya kazi kwa miaka 30 au zaidi.

Ipo pia njia ya kuwatumia viumbe. Kuna bakteria wanaoyala mafuta wakipewa hewa na mbolea ya kutosha, na wengine wanaozivunjavunja kemikali kama ile trikloroethilini mahali pasipo na hewa. Lakini hakuna bakteria awezaye kuivunja risasi. Mimea kama alizeti huweza kuvuta baadhi ya metali kwa mizizi yake. Hata hivyo, kazi hiyo ni ya misimu mingi, na mmea wenyewe hugeuka kuwa taka yenye sumu. Ole wake atakayewalisha mbuzi wake majani hayo!

Kwa ufupi, hakuna njia iliyo rahisi, ya haraka na kamilifu kwa pamoja. Wenye mali nyingi kutushinda wamekwisha kulijua hilo. Katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, kampuni ya kemikali ya Hooker ilizika takriban tani 20,000 za taka katika handaki liitwalo Love Canal kati ya miaka ya 1942 na 1953. Baadaye iliiuzia halmashauri ya shule ardhi hiyo kwa dola moja tu. Naam, halmashauri ya shule! Shule ya msingi ikajengwa hapo hapo, na nyumba zikaizunguka. Kufikia mwaka 1978 kemikali zilikuwa zikichuruzika ndani ya vyumba vya chini vya nyumba, na Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya hatari. Mamia ya jamaa walihamishwa. Kisa hicho ndicho kilichochochea sheria ya mwaka 1980 ya kuwalazimisha wachafuzi wa Marekani kugharimia usafi.

Kazi ya Love Canal ilichukua zaidi ya miaka 20 na kugharimu karibu dola milioni 400. Jina la mahali hapo liliondolewa katika orodha ya maeneo hatari mwaka 2004. Na taka zenyewe zilienda wapi? Sehemu kubwa ingali pale pale, imefunikwa na kuzungushiwa ua, huku maji yanayochuruzika yakikusanywa na kusafishwa. Ikiwa taifa lenye uwezo wa kupeleka watu mwezini lilishindwa kuing'oa sumu hiyo, likaamua kuilinda tu, sisi tunategemea nini?

Najua wapo watakaonijibu kwamba nchi yenye vijana wengi wasio na ajira haiwezi kuviwekea viwanda masharti magumu. Hoja hiyo ina uzito. Mfanyakazi wa kiwanda naye ana watoto wa kusomesha, na betri kuukuu hazina budi kuyeyushwa mahali fulani, tena kwa njia nzuri, maana zikiyeyushwa kienyeji nyuma ya gereji madhara huzidi. Sipingi viwanda. Ninachopinga ni hesabu isiyo kamili. Kiwanda kinachopata faida kwa miaka saba na kuacha udongo utakaogharimu mamia ya mamilioni kuusafisha hakikuzalisha mali; kilikopa kwa majirani bila idhini yao, kisha kikaenda zake.

Suluhisho halihitaji kubuniwa upya. Sheria yetu ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 inakubali kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa. Inaruhusu pia anayefanya shughuli yenye hatari atakiwe kuweka dhamana ya fedha, ambayo hurudishiwa akitimiza masharti na kuipoteza akiyavunja. Kadhalika, ilianzisha hazina ya kurejesha mazingira katika hali yake. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Basi dhamana hiyo na idaiwe kabla ya tanuri kuwashwa, na kiasi chake kikadiriwe kwa gharama ya kuusafisha udongo, si kwa mapenzi ya mwekezaji. Aidha, udongo na maji vipimwe kabla ya kiwanda kuanza, ili baadaye asitokee mtu wa kudai kwamba sumu ilikuwapo tangu zamani. Fedha za usafi zikae mbali na fedha za fidia, ili mwathiriwa asilazimishwe kuchagua kati ya dawa ya mtoto wake na udongo wa kijiji chake.

Nanyi walimu na wanafunzi mna nafasi yenu. Shule inapotaka kununua kiwanja cha bei nafuu kupita kiasi, aulize mtu: hapa palikuwa na nini miaka 20 iliyopita? Somo la kemia litoke ubaoni liende hadi kwenye betri zilizotupwa nyuma ya karakana ya shule. Watoto wafundishwe kunawa mikono kabla ya kula, wasichezee betri, wala wasitumie mapipa ya kemikali kuhifadhia maji ya kunywa. Na darasa la uraia lijifunze kuisoma hukumu ya mahakama hadi mwisho, lisikomee kwenye kiasi cha fidia.

Siku nyingine tutakaposikia kwamba waathiriwa mahali fulani wameshinda kesi, tuwapongeze kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa wamestahili. Kisha tumuulize mbunge wetu, diwani wetu na afisa wa mazingira wa kaunti yetu swali moja la ziada: magari ya kuuondoa udongo huo yatafika siku gani? Asiyeweza kutaja tarehe ajue kwamba deni lingalipo.