Mchanga Ndio Unaokula Cheni

Cheni ya baiskeli ikilegea na kuanza kuruka, dawa ya kwanza ya mafundi wengi wa kando ya barabara ni kukata vipande viwili na kuiunga upya. Kwa mtu wa Katogota, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, mwenye gunia la mchele anayeelekea Luvungi au Kamanyola, dawa hiyo ni ya haraka na bei yake ni ndogo. Baiskeli inaondoka, cheni imekaza. Siku si nyingi inaruka tena, na sasa lawama zote ni za fundi.

Fundi ana kosa dogo tu. Kubwa liko katika jinsi sote tunavyofikiri, kwamba cheni imevutika kwa mzigo. Vibati vya pembeni havivutiki kwa nguvu za miguu ya binadamu. Kinacholika ni pini, pamoja na bushi ambamo pini hiyo huzunguka. Katika cheni mpya, kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Kila kiungo kikilika milimita 0.13 hivi, jicho halioni kitu. Lakini cheni ina viungo mia moja na ushei. Kidogo hicho mara mia ni sentimita 1.3, urefu wa kiungo kizima ambacho hakuna aliyekiongeza. Ukikata vipande umepunguza urefu wa cheni, ila nafasi ya pini na pini imebaki pana vilevile, na meno yanayoishika cheni, ya mbele na ya nyuma, yalichongwa kwa nusu inchi.

Mtu aliyeuelewa ulaji huu mapema ni Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Uingereza. Mwaka 1879 alinunua karakana ndogo ya cheni za mitambo ya nguo huko Salford, karibu na Manchester. Mwaka uliofuata alibuni cheni yenye bushi: pini inazunguka ndani ya bushi, rola inazunguka nje yake, na mzigo unatandazwa juu ya eneo pana badala ya kubanwa kwenye kingo nyembamba za vibati. Miaka mitano baadaye Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli inayobeba muhogo katika bonde la Ruzizi leo ni mjukuu wake halisi.

Sasa mafuta. Mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, James Spicer na wenzake waliendesha cheni kwa mashine na kupima ni kiasi gani cha nguvu kinapotea njiani. Walitumia hata kamera inayoona joto. Katika hali nzuri kabisa, asilimia 98.6 ya nguvu ilifika nyuma. Ajabu yao ilikuwa mafuta: cheni safi iliyopakwa na isiyopakwa hazikutofautiana sana. Vilivyoleta tofauti ni mvutano wa cheni na ukubwa wa magurudumu ya meno. Cheni iliyovutwa kwa nguvu ilipoteza sehemu ndogo zaidi, na gurudumu la meno mengi lilishinda dogo, kwa sababu kila kiungo hujikunja kidogo zaidi kinapolizunguka. Kwenye meno 20 kiungo hujikunja nyuzi 18; kwenye meno 16, nyuzi 22 na nusu.

Asije mtu akamwaga kopo lake la oili kwa habari hii. Maabara haina kiangazi cha Ruzizi. Barabarani kazi kubwa ya mafuta ni kuzuia kutu na kuufungia mchanga nje ya bushi, na mchanga una chembe za madini ya quartz, ngumu kuliko chuma cha kawaida. Hapo ndipo wengi tunapoharibu: tunapaka nje, cheni inang'aa, vumbi linagandia, na ute ule mweusi unakuwa msasa. Futa kwanza kwa kitambaa na mafuta ya taa, acha ikauke. Kisha tone moja juu ya kila rola, zungusha pedeli kinyumenyume, halafu futa tena mpaka nje pawe karibu pakavu. Oili chafu ya injini inakuja na vumbi lake la chuma, mimi siipendi.

Kupima hakuhitaji kifaa cha dukani. Rula ya mwanafunzi, ya sentimita 30, inatosha. Vuta cheni ikaze, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 20 zinazofuata, kisha soma. Cheni mpya ni milimita 254. Ikipita 255, tafuta nyingine, meno bado yataokoka. Ikifika 256 na nusu, umechelewa: friwili ya nyuma nayo imekwisha, kwa kuwa ina meno machache na kila jino hukutana na cheni mara nyingi kuliko la mbele. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyolalia upande mmoja, mzigo wote unaning'inia kwenye jino moja au mawili, rola zinapanda ncha, zinaruka. Hapo watu huitukana cheni mpya kuwa ni feki.

Kabla ya kununua chochote, zuia mkono mmoja wa pedeli kwa mguu na utikise ule mwingine. Ukicheza peke yake, kilicholegea ni ile kabari inayoushika kwenye ekseli, na kama baiskeli inalia unapokanyaga, mlio huo huenda si wa cheni.

Ukishafunga cheni mpya, vuta gurudumu la nyuma mpaka cheni ichezecheze juu na chini kama sentimita moja katikati. Zungusha pedeli polepole na upime pale inapokaza zaidi, maana meno ya mbele mara nyingi si duara kamili. Klipu ya kufungia iwekwe upande uliozibwa ukitangulia kule cheni inakokwenda. Ukitanguliza mdomo wazi, kijiti kimoja cha njiani kinatosha kuing'oa.