Kumtabiri Mshindi wa Michezo Saba

Tarehe 19 Juni 2016, mjini Oakland katika jimbo la California, timu mbili za mpira wa kikapu wa kulipwa ziliingia uwanjani kucheza mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya ligi ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama NBA. Golden State Warriors ilikuwa imeshinda michezo mitatu, na Cleveland Cavaliers mitatu. Aliyejumlisha pointi za michezo sita iliyotangulia alipata jambo la ajabu: Golden State ilikuwa na pointi 610, na Cleveland pointi 610. Hata katika mchezo huo wa saba, dakika ya mwisho ilipoanza timu zilikuwa sare, 89 kwa 89. Ndipo Kyrie Irving wa Cleveland aliporusha mpira kutoka mbali na kujipatia pointi tatu. Cleveland ilishinda kwa 93 dhidi ya 89.

Kabla ya fainali hiyo Golden State ndiyo iliyotazamiwa kushinda, na sababu zilikuwepo. Katika msimu wa kawaida ilikuwa imeshinda michezo 73 kati ya 82, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na timu yoyote ya ligi hiyo. Cleveland ilikuwa imeshinda 57. Je, waliotabiri ushindi wa Golden State walikosea? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa ndilo analoulizwa mtabiri wa mvua au daktari pale mambo yanapokwenda kinyume cha makisio yake.

Yafaa kuanza na mfumo wenyewe wa mashindano. Baada ya msimu wa kawaida timu 16 huingia katika awamu ya mtoano, na kila pambano la timu mbili huwa ni mfululizo wa michezo isiyozidi saba. Wa kwanza kushinda minne ndiye anayesonga mbele. Na ichukuliwe kwamba timu iliyo bora ina uwezekano wa 0.6 wa kushinda mchezo wowote mmoja. Uwezekano wake wa kushinda yote minne ya mwanzo ni 0.6 kwa kipeo cha nne, yaani 0.13 hivi. Lakini yaweza pia kushinda katika michezo mitano, ikipoteza mmoja. Mchezo huo uliopotea waweza kuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne. Hauwezi kuwa wa tano, maana mfululizo hufungwa na ushindi wa nne. Kwa hiyo ziko njia 4. Kwa hesabu hiyohiyo, ziko njia 10 za kushinda katika michezo sita, na njia 20 za kushinda katika saba. Ikiwa u ni uwezekano wa kushinda mchezo mmoja, na k ni uwezekano wa kuupoteza, basi uwezekano wa kushinda mfululizo mzima ni:

u⁴ (1 + 4k + 10k² + 20k³)

Kwa u ya 0.6 jawabu ni 0.71. Kwa 0.55 ni 0.61, kwa 0.7 ni 0.87, na kwa 0.8 ni 0.97. Hapa mwanafunzi aone kazi halisi ya mfululizo: huikuza tofauti. Timu iliyo bora kidogo katika mchezo mmoja huwa bora zaidi katika saba, kwa sababu bahati ya siku moja hupunguzwa nguvu na bahati za siku nyingine. Hata hivyo haifutiki. Timu dhaifu yenye 0.4 hushinda karibu mifululizo 29 katika kila 100.

Ugumu wa utabiri, basi, hauko katika kanuni hiyo, ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari aweza kuithibitisha kwa kalamu. Uko katika kuipata u. Hakuna mahali ilipoandikwa. Lazima ikisiwe, na njia mbili zilizo halali zaweza kutoa majibu yaliyo mbalimbali.

Njia ya kwanza ni ya jamii ya kanuni iliyotolewa mwaka 1952 na wanatakwimu Ralph Bradley na Milton Terry. Golden State ilishinda 73 na kupoteza 9, yaani ushindi 8.11 kwa kila mchezo iliopoteza. Cleveland ilishinda 57 na kupoteza 25, yaani 2.28. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 3.56. Basi zinapokutana zenyewe, Golden State yatarajiwa kushinda mara 3.56 kwa kila mara moja ya Cleveland. U ni 0.78, na uwezekano wa kutwaa ubingwa ni asilimia 95.

Njia ya pili haijali ni michezo mingapi iliyoshindwa, bali hupima ilishindwa kwa pointi ngapi. Msimu huo Golden State iliwazidi wapinzani wake kwa wastani wa pointi 10.8 kila mchezo, na Cleveland kwa pointi 6.0. Tofauti baina yao ni 4.8 tu. Matokeo ya mchezo mmoja wa NBA hutawanyika kuzunguka tarajio lake kwa mchepuko sanifu wa kama pointi 12. Tofauti ya 4.8 ni sehemu 0.4 ya mchepuko huo, na jedwali la mgawanyo wa kawaida hutoa u ya 0.655. Kanuni ya mfululizo huigeuza kuwa asilimia 81.

Takwimu za msimu mmoja, timu zilezile, na majibu mawili! Wanatakwimu wengi huipendelea njia ya pili, na kwa haki. Orodha ya ushindi huuhesabu ushindi wa pointi moja sawa na wa pointi thelathini, hivyo timu iliyobahatika katika michezo ya karibu huonekana bora kuliko ilivyo.

Hesabu zote mbili zimeacha mambo. La kwanza ni uwanja wa nyumbani. Tangu 2014 fainali hupangwa hivi: michezo miwili nyumbani kwa timu yenye rekodi bora, miwili ugenini, kisha mmoja mmoja kwa zamu, timu hiyo hupata minne nyumbani iwapo yote saba itachezwa. Faida hiyo ilionekana wazi mwezi Mei 2016, Cleveland ilipokutana na Toronto Raptors. Nyumbani Cleveland ilishinda kwa tofauti ya pointi 31, kisha 19, na wengi wakahesabu kwamba kazi imekwisha. Walipofika Toronto, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alidaka ribaundi 26 katika mchezo mmoja, na Toronto ikashinda miwili mfululizo. Cleveland ilihitaji michezo sita kumaliza.

La pili ni kwamba u haitulii. Golden State ilikuwa mbele kwa 3–1 katika fainali, na kwa u ya 0.655 Cleveland ilibakiwa na uwezekano wa 4 katika 100. Lakini Draymond Green alizuiliwa kucheza mchezo wa tano kwa sababu ya kujikusanyia adhabu za makosa mabaya, na katika mchezo huohuo Andrew Bogut aliumia goti asirudi tena. Timu iliyocheza baadaye haikuwa ileile iliyopimwa msimu mzima.

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, alieleza jinsi ya kuwasahihisha watabiri: chukua tofauti kati ya uwezekano uliotajwa na kilichotokea, 1 au 0, kisha uipandishe kwa kipeo cha pili. Alama ndogo ndiyo njema. Aliyesema 0.95 kwa Golden State anapata 0.90, aliyesema 0.81 anapata 0.66, aliyerusha sarafu anapata 0.25. Kwa fainali moja, mrusha sarafu kawashinda wataalamu! Ndiyo maana hakuna mtabiri anayesahihishwa kwa jibu moja. Awamu ya mtoano ina mifululizo 15 kila mwaka. Hata mtu mwenye haki ya kusema asilimia 95 katika kila mmoja atakosa karibu mitatu katika miaka minne. Na asipokosa kamwe, basi alistahili kutaja uwezekano mkubwa zaidi. Vijana wanaoweka fedha katika kamari huisoma asilimia 95 kama ahadi, nayo si ahadi.

Jaribio hili lafaa darasani. Vitiwe mfukoni vifuniko 10 vya soda vinavyofanana, 6 vikiwa na alama ya chaki kwa ndani. Mwanafunzi achomoe kimoja bila kutazama, aandike, akirudishe, auchanganye mfuko, na kuendelea hadi aina moja ifikishe nne. Darasa lifanye mifululizo 100. Vifuniko vyenye alama vitarajiwe kushinda kama 71. Ihesabiwe pia ni mara ngapi aina iliyokuwa nyuma kwa 3–1 iliishia kushinda: tarajio ni mara 5 au 6, ingawa darasa litakalopata 2 au 9 halina sababu ya kuutilia shaka mfuko wake.