Tafsiri ya Lugha Isiyo na Wenyewe

Husemwa kwamba lugha ina wenyewe. Sisi tuliozoea kubishana iwapo Kiswahili ni cha Waswahili wa mwambao au ni cha kila akisemaye tunaijua hoja hiyo na makali yake. Lakini je, lugha isiyo na mwenyewe hata mmoja, lugha ambayo hakuna mama aliyepata kumbembeleza mwanawe kwayo, nayo hutafsiriwa vipi?

Swali hili si la mzaha. Filamu za fantasia na za safari za anga zimejaa lugha za kubuni, na wanafunzi wetu huzitazama kwa hamu kubwa kuliko wanavyozisoma riwaya tunazowatahini. Mhusika anapotamka maneno ya ajabu, maandishi ya Kiingereza hupita chini ya picha. Mfasiri wa Kiswahili huyachukua maandishi hayo, akayageuza, akadhani kazi imekwisha. Hoja yangu ni kwamba mfasiri huyo ametafsiri tafsiri. Matini chanzi ameiacha ikampita masikioni.

Tuichukue Avatar, filamu ya James Cameron ya mwaka 2009. Lugha ya Kina'vi inayosemwa humo iliundwa na Paul Frommer, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyeianza kazi hiyo mwaka 2005. Mna humo vitenzi viwili ambavyo Kiingereza kimevifunika kwa kitenzi kimoja cha kuona. Cha kwanza, tse'a, ni kuona kwa macho, kama mtu aonavyo mti au mto. Cha pili, kame, ni kumwona mtu kwa ndani, kumwelewa na kumkubali alivyo. Salamu mashuhuri ya filamu hiyo imejengwa juu ya kitenzi hiki cha pili. Isitoshe, msemaji huchopeka ndani ya kitenzi silabi ei, kuonyesha kwamba analifurahia jambo analolisema. Ndipo kame ikawa kameie. Furaha imo ndani ya kitenzi chenyewe! Haya yote yakifika chini ya picha huwa maneno matatu makavu ya Kiingereza.

Mfasiri anayeanzia hapo ataandika "Nakuona". Hebu mwambie Mswahili "nakuona" pasipo sababu, usikilize atakavyokujibu. Atadhani unamtania kwa nguo mpya aliyoivaa, ama unamwonya kwamba umemfuma katika jambo la siri. Si kwamba kitenzi chetu ni hafifu. Wazulu, ambao ni jamaa zetu katika Kibantu, husalimiana sawubona, neno linalotokana na mzizi huo huo wa kuona. Ila matumizi yetu yameelekea kwingine, na matumizi ndiyo yanayomhukumu mfasiri. Mfasiri aliyekwenda hadi kwenye Kina'vi atapima "nakujua ulivyo", atapima "nimefurahi kukuona", ambayo ina furaha lakini haina kina. Mimi ningechagua "nakutambua", kwani kutambua kwetu ni kumjua mtu na pia kuikubali hadhi yake. Furaha ningemwachia mwigizaji na uso wake.

Kiklingoni cha Star Trek kinatupa mfano mwepesi zaidi. Muundaji wake, Marc Okrand, aliwanyima Waklingoni neno la salamu kwa makusudi. Kilicho karibu na salamu ni nuqneH, yaani "Unataka nini?" Mfasiri wa Kiswahili, aliyelelewa katika jamii ambamo mtu haulizwi haja yake kabla ya kujuliwa hali, atashawishika kuandika "Hujambo". Akifanya hivyo atakuwa amewavisha wapiganaji wale adabu ya Lamu.

Walimu wa sarufi nao wana la kuvuna hapa. Neno qalegh la Kiklingoni maana yake ni "ninakuona". Kiambishi qa- peke yake kinambeba mtendaji na mtendwa kwa pamoja, ilhali sisi tumegawa kazi hiyo baina ya ni- na -ku-. Kiingereza kinahitaji maneno matatu pale ambapo Kiswahili na Kiklingoni vinatosheka na moja. Kwa nini basi mfasiri wetu apitie kwa jirani asiyefanana naye, ilhali anaweza kwenda moja kwa moja?

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba katika lugha ya kubuni maandishi ya chini ndiyo yenye mamlaka, kwa sababu maana iliandikwa kwanza kwa Kiingereza na sauti zikatafutwa baadaye. Nao wana ushahidi. Katika filamu ya pili ya Star Trek, ya mwaka 1982, mazungumzo ya Kivulkani yalipigwa picha waigizaji wakisema Kiingereza. Okrand akaitwa baadaye abuni maneno yatakayolingana na midomo yao. Katika filamu ya tatu, ya mwaka 1984, baadhi ya maandishi yalibadilishwa baada ya sauti kurekodiwa, naye akalazimika kutafuta sarufi itakayoyafanya maneno yale yale yawe na maana nyingine. Hapo lugha ilimfuata mfasiri wake kama mkia umfuatavyo ng'ombe.

Hata hivyo, mambo hayakuishia studioni. Kamusi ya Kiklingoni ilichapishwa mwaka 1985, watu wakajifunza, wakaandikiana, na mwaka 1996 wakatoa Hamlet kwa lugha hiyo. (Shakespeare yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alimleta kwetu mwaka 1963 kwa tafsiri ya Julius Caesar.) Lugha ikishafika hapo, maana ya neno haimo tena mkononi mwa mhariri wa filamu. Ina wenyewe, hata kama ni wenyewe wa kuasili.

J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyefariki mwaka 1973, hakungoja filamu. Aliunda Kiquenya akivutiwa na Kifini, na Kisindarini akivutiwa na lugha ya Wales, miaka mingi kabla ya Peter Jackson kuitoa The Lord of the Rings kati ya mwaka 2001 na 2003. Katika Kisindarini kilima ni amon na vilima ni emyn. Wingi umo ndani ya vokali, si katika kiambishi awali kama kwetu. Ila Tolkien hakuacha sarufi kamili wala msamiati wa kutosha mazungumzo. David Salo, mwanaisimu aliyeitafsiri mistari ya filamu hizo, alilazimika kujaza mapengo kwa kufuata mizizi na kanuni za mabadiliko ya sauti, kama wafanyavyo wanaisimu wanaounda upya maneno ya Mame-Bantu. Kisindarini kina pia kiwakilishi cha nafsi ya pili chenye heshima, le, ambacho Kiingereza cha leo hakina cha kukilinganisha nacho. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kuiokoa heshima hiyo kwa "bibi", "bwana" au "mzee" mahali panapofaa, mradi awe amejua kwamba ilikuwapo.

Na hao wasimulizi wa vibanda vya video, wanaozifasiri filamu kwa kinywa, Kiswahili kikichanganyika na Sheng? Wasomi wenzangu huwabeza. Mimi nawaheshimu kwa jambo moja: hutazama mhusika anafanya nini kwa maneno yake, awe anatisha au anabembeleza, ndipo wakasema. Sarufi hawaijui, lakini maandishi hayawafungi.

Limebaki fumbo ambalo ningependa walimu walipeleke darasani. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, yumo kiumbe wa sayari nyingine aitwaye Nien Nunb, rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia. Anasema na hakuna maandishi chini yake. Mtazamaji wa Marekani alisikia kelele za anga za mbali. Mtazamaji wa Nyeri alisikia Kikuyu, kwa kuwa sauti ile ilitolewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje hapo? Akinyamaza, atakuwa mwaminifu kwa filamu, lakini pia atakuwa amekubali kwamba lugha ya mamilioni ya Wakenya ni mlio usio na maana. Mimi ningeyaandika maneno yale kwa Kiswahili chini ya picha, hata kama waliotengeneza filamu hawakuandika kitu. Kazi hiyo haihitaji kamusi ya kubuni. Inahitaji Mkikuyu mmoja aketi kando ya mfasiri.