Farasi wa Rubani Baracca: Jinsi Motokaa za Fahari Zilindavyo Jina Lao

Tarehe 19 Juni 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, rubani wa Italia aliyeitwa Francesco Baracca alianguka na ndege yake karibu na kilima cha Montello, akafa akiwa na umri wa miaka 30. Alikuwa amekwisha kuangusha ndege 34 za adui, na hapakuwa na rubani mwingine wa nchi yake aliyefikia hesabu hiyo. Kabla ya kwenda angani alikuwa afisa wa kikosi cha wapanda farasi, na kwa ajili hiyo ubavuni mwa ndege yake palichorwa farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Miaka mitano baadaye, mwaka 1923, dereva mmoja kijana alishinda mbio za motokaa karibu na mji wa Ravenna, akajuana na wazazi wa marehemu. Mama yake Baracca akamshauri aichukue alama ya mwanawe na kuiweka katika motokaa zake, huenda ikamletea bahati. Kijana huyo ndiye Enzo Ferrari.

Ferrari aliongeza rangi ya manjano nyuma ya farasi, rangi ya mji wake wa Modena, na mwaka 1932 alama hiyo ikaonekana kwa mara ya kwanza katika motokaa za kundi lake, kwenye mashindano ya Spa nchini Ubelgiji. Motokaa ya kwanza yenye jina lake mwenyewe ilitoka kiwandani mwaka 1947. Enzo Ferrari alifariki mwaka 1988, lakini farasi wa askari yule angali hai, na leo analindwa na mawakili wengi kuliko walinzi wa maghala mengi ya silaha.

Tumeanza na habari hiyo kwa sebabu wasomaji wetu ni watu wavaao nembo. Askari hahitaji kufundishwa kwamba kipande kidogo cha shaba juu ya kofia kina uzito usiopimwa kwa mizani. Ni vivyo hivyo kwa wenye viwanda vya motokaa za fahari. Wauzapo motokaa huuza chuma, ngozi na injini, lakini sehemu kubwa ya bei ni jina. Jina likichafuka, chuma hakiwezi kuuzwa kwa bei ile tena.

Njia ya kwanza ya kulinda jina ni kuuza kidogo. Katika mwaka mzima wa 2024 kampuni ya Ferrari iliwakabidhi wanunuzi motokaa 13,752 tu duniani kote. Kampuni ya Toyota huuza idadi hiyo kwa muda usiotimia siku moja. Lakini hatuna budi kusema kwamba Land Cruiser, tunayoifahamu sote katika njia za vijijini, haina haja ya ulinzi wa namna hii. Sifa yake hulindwa na matope. Motokaa ya fahari yataka ionekane na wengi na kupatikana na wachache. Ndipo watu mashuhuri, yaani waimbaji, wacheza mpira, mabondia na waigizaji wa sinema, wanapoingia katika shauri hili. Wao ndio wanaoifanya ionekane, na wao ndio wanaoweza kuiharibia jina.

Kisa kimoja kitawafurahisha hasa wasomaji wetu wa polisi. Mwaka 1984 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo ulioitwa Miami Vice, juu ya wapelelezi wawili wa polisi waliopambana na wauza madawa ya kulevya. Mmoja wao, kwa kazi ya kujificha miongoni mwa wahalifu, aliendesha Ferrari nyeusi ya aina ya Daytona isiyo na paa. (Mpelelezi wa nchi zetu, angojaye kibali cha petroli, atajua mwenyewe jinsi ya kulichukua jambo hilo.) Kumbe motokaa ile haikuwa Ferrari hata kidogo. Ilikuwa Chevrolet Corvette iliyovuliwa bodi yake na kuvishwa bodi ya mwigo. Mamilioni ya watu waliitazama kila juma na kuisifu, na kampuni ya Ferrari ikachukia.

Mtu angedhani kwamba kampuni ingefurahi kutangazwa bure. Lakini motokaa iliyotangazwa haikuwa yake, na waigaji walikuwa wakijipatia wateja kwa sifa ya mchezo ule. Ferrari ikawachukulia hatua waigaji, na kwa watengenezaji wa mchezo ikatoa Testarossa mbili mpya, halisi. Katika kipindi cha kwanza cha msimu wa tatu, mwaka 1986, Daytona ya bandia ililipuliwa kwa kombora mbele ya watazamaji wote. Zile Testarossa zilipakwa rangi nyeupe ili zionekane vizuri katika picha za usiku. Sisi hatujapata kusikia hukumu iliyotekelezwa hadharani kwa namna ya kupendeza kuliko hiyo.

Shauri lililofuata lilifika mbele ya majaji, na lina somo la sheria. Mtu mmoja wa jimbo la Tennessee, jina lake Roberts, alitengeneza bodi za faiba zenye umbo la Daytona na la Testarossa na kuziuza. Utetezi wake ulikuwa mwepesi kueleweka: wateja wake wote walijua kwamba wananunua mwigo, basi ni nani aliyedanganywa? Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya Marekani ilimkatalia. Majaji waliona kwamba kosa halipimwi kwa mnunuzi peke yake, bali hupimwa pia kwa yule asimamaye kando ya barabara, atazamaye motokaa ikipita na kudhani kwamba ni Ferrari. Miigo ikijaa barabarani, mtazamaji huyo hushusha heshima aliyokuwa nayo kwa ile ya kweli.

Kwetu sisi hukumu hiyo ni ya haki, na askari ataitambua bila wakili. Sheria za nchi zetu zinakataza raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi bila ruhusa. Yule aliyeinunua sare sokoni hakudanganywa na fundi cherehani, alijua alichokinunua. Anayedanganywa ni mama muuza ndizi anayesimamishwa njiani na mtu huyo usiku, na baada ya hapo mama huyo humwogopa hata askari wa kweli.

Lakini mfano huo wa sare una mpaka wake, na hapo ndipo shauri linapokuwa gumu. Sare ni mali ya serikali. Askari aachapo kazi huirudisha. Je, motokaa iliyokwisha kulipiwa hadi senti ya mwisho ni ya nani?

Mwaka 2014 mwanamuziki wa Kanada ajulikanaye kwa jina la deadmau5 aliibandika Ferrari yake picha za paka arukaye angani na upinde wa mvua, akaweka nembo zenye paka mahali pa farasi, akaiita jina la mzaha, kisha akaitangaza kwamba inauzwa. Kampuni ilimpelekea barua ya mawakili. Aliyabandua mapicha yale, akanunua Lamborghini na kuibandika paka yuleyule. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Philipp Plein, mbunifu wa mavazi kutoka Ujerumani, aliyeweka viatu vya kampuni yake juu ya Ferrari yake ya kijani na kuzitangaza picha hizo katika Instagram. Barua ikaja: aziondoe kwa muda wa saa 48, kwa kuwa zinaliunganisha jina la Ferrari na mwenendo usiopatana nalo. Plein hakutii. Aliichukua barua yenyewe na kuionyesha hadharani, na hivyo waliokuwa hawajaviona viatu wakapata kuviona.

Kuna na wale waliofungwa kwa mkataba. Kampuni ya Ford ilipotaka kutengeneza motokaa yake ya mbio iitwayo GT, ilitaka wanunuzi waombe kama waombavyo kazi. Watu 6,506 waliomba nafasi 500 za kwanza. Mmoja wa waliokubaliwa alikuwa John Cena, bingwa wa mieleka na mwigizaji wa sinema, ambaye alitia sahihi kwamba hataiuza kabla ya miezi 24. Aliipokea mwaka 2017 na kuiuza baada ya majuma machache tu. Ford ilimshitaki. Mwaka 2018 walipatana, Cena akaomba radhi, na fedha alizotoa zikapelekwa kwa kazi za hisani. Hapa hatuna la kumtetea: ametia sahihi mwenyewe. Ila katika shauri la viatu twaona kwamba kampuni ilinyoosha mkono mbali mno. Mtu aliyetoa mwigo amechukua kisicho chake. Mtu aliyeweka viatu juu ya motokaa yake, hata kama ni ulimbukeni, yuko juu ya mali yake.

Sasa tuje katika nchi zetu, maana hapa palitokea jambo ambalo mawakili wa Ulaya hawakuliwazia. Nyota yenye ncha tatu ya Mercedes iliandikishwa na kiwanda cha Daimler mwaka 1909. Baadaye, kuanzia mwaka 1963 hadi 1981, kampuni ya Daimler-Benz ilitengeneza motokaa kubwa iitwayo 600, idadi yake 2,677 tu. Miongoni mwa waliokuwa nayo walikuwapo Marshal Tito wa Yugoslavia, Mobutu wa Zaire, na mwimbaji Elvis Presley. Watawala na waimbaji walikaa katika viti vya namna moja, na kampuni ikaona hilo ni heshima.

Lakini Waafrika wa Mashariki, walipoona viongozi wapya wa uhuru wakipita ndani ya Mercedes huku wao wakitembea kwa miguu, hawakuandika barua ya malalamiko. Walitumia sarufi. Wako Waganda, wako Wakamba, wako Wanyamwezi. Basi watu wale nao wakaitwa Wabenzi, kabila lisilo na mababu wala mashamba ya ukoo, litambulikanalo kwa nyota mbele ya injini. Neno hilo lilienea katika miaka ya 1960, likavuka mipaka yote, likaingia hata katika vitabu vya Kiingereza. Nyota iliyogharimiwa kwa miaka mingi ili iwe alama ya kazi bora ikawa, midomoni mwa wananchi, alama ya ulaji. Hakuna mahakama iwezayo kushitakiwa kabila lisilo na mwenyekiti, wala neno haliwezi kulipuliwa kwa kombora kama Daytona ya bandia.

Huko Marekani dhihaka kama hiyo ilipata mwisho tofauti. Mwaka 1970 mwimbaji Janis Joplin, siku tatu kabla ya kifo chake, alirekodi wimbo wa kuwacheka watu wamwombao Mungu awape Mercedes. Mwaka 1995 kampuni yenyewe iliutumia wimbo huo katika tangazo lake la televisheni. Neno Wabenzi bado hatujaliona katika tangazo lolote.